KUPOKEZANA WAZAZI NI KAZI, SI POROJO

Ndugu Wafanyikazi wa Hospitali,

Kila akifa mama baada ya kujifungua, mabwana wa afisini wana jibu lao tayari mdomoni. Wasema: "Wafanyikazi hawakuelezana. Nesi hakumwambia daktari, na zamu ya usiku haikuiambia zamu ya asubuhi." Kisha huitishwa semina. Twakaa siku mbili hotelini, twafundishwa namna ya kusema na wenzetu kwa upole, twapewa chai na cheti, halafu twarudi wodini. Kesho yake mambo ni yale yale ya jana.

Sisi hatukatai ya kwamba hatuelezani. Ni kweli, na wazazi wafa kwa sababu hiyo. Tunachokataa ni sababu inayotolewa. Wao wadhani ni ulimi wetu mzito na adabu yetu mbaya. Sisi twasema ni kazi ambayo haikuhesabiwa. Kupokezana mgonjwa ni kazi kama kupiga sindano ilivyo kazi, lakini katika ratiba haina saa, katika mshahara haina senti, na katika wodi haina mtu. Kazi ya namna hiyo hufanywa mlangoni, mmoja ana mkoba begani akikimbilia matatu, na mwingine hajavua koti. "Wote wako sawa, yule wa pembeni tu umtazame." Hiyo ndiyo ripoti. Yule wa pembeni ni yupi, na atazamwe nini, hakuna ajuaye.

SAA ZA HATARI NI ZIPI

Mtoto akilia tu, watu hupiga vigelegele na macho yote humfuata mtoto. Mama huonekana kama msafiri aliyekwisha kufika. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa kwaweza kummaliza mama mwenye afya njema katika muda wa saa chache tu. Kifafa cha mimba nacho hakikomi mtoto akitoka. Chaweza kumshika mama baada ya kuzaa, hasa katika siku 2 za kwanza, hata kama presha yake ilikuwa njema alipoingia. Na homa ya uzazi huja polepole, siku ambayo mama amekwisha kuruhusiwa kwenda kwake.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka wa 2022 juu ya utunzaji wa wazazi, lasema mama aliyejifungua salama akae hospitalini muda usiopungua saa 24. Katika muda huo atazamwe damu inayotoka, kizazi kama kimekaza, joto la mwili na mapigo ya moyo, kuanzia saa ya kwanza. Presha ipimwe mapema baada ya kuzaa, na ikiwa ni njema, ipimwe tena kabla ya saa 6 kupita. Mkojo uandikwe kama umetoka.

Sasa hesabuni, ndugu. Katika hizo saa 24 mama mmoja hupita katika mikono mingapi? Kuna mkunga aliyemzalisha, na mwenzake aliyeingia zamu. Kama alipasuliwa, kuna daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi. Kuna nesi wa wodi ya wazazi, zamu mbili au tatu. Kuna nesi wa chumba cha watoto wachanga, ikiwa mtoto amelazwa huko. Kuna mtu wa maabara, mtu wa damu, mpagazi wa machela, na mama anayefua na kubadilisha mashuka. Kila mmoja ana kipande chake cha habari. Ikiwa vipande hivyo havikutani, mama ana watumishi kumi na hana hata mmoja anayejua hali yake.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua saa 10 za usiku, mtoto wake wa tano. Ametokwa damu kiasi, ikakoma. Mkunga ameweka kitambaa ndani ili kuzuia damu kwenye mchaniko alioushona. Saa 12 na nusu asubuhi zamu yabadilika. Wanaozaa ni watatu kwa mara moja, na mkunga wa usiku ametoka bila kusema habari ya kile kitambaa. Mama apelekwa wodi nyingine na mpagazi, faili mapajani. Katika faili imeandikwa: "Amejifungua salama." Kitambaa kimebaki ndani. Siku ya nne mama ana homa nyumbani, na majirani wasema ni mambo ya kurogwa. Hapo hakuna mtu aliyekuwa mvivu, na hakuna aliyekosa cheti. Maneno machache tu hayakusemwa, kwa sababu dakika 5 za kuyasema hazikuwako.

Au tuchukue dawa ya magnesiamu anayopewa mwenye kifafa cha mimba. Sindano yake hurudiwa kila saa 4, mpaka saa 24 zimalizike baada ya kuzaa au baada ya degedege la mwisho. Kabla ya kila sindano ni lazima kutazama goti kama lashtuka likigongwa, pumzi ni ngapi kwa dakika, na mkojo umetoka kiasi gani. Zamu ikipokezwa bila kutajwa saa ya sindano ya mwisho, mawili yaweza kutokea: ama mama akose dawa, degedege limrudie, ama apigwe mara mbili, na pumzi yake ikome. Neno moja, "saa nne na robo", ndilo linalotenganisha mauti na uzima.

Na yule mtoto aliyelazwa kwingine je? Mama mwenye damu ya Rhesus hasi, ikiwa mtoto wake ni chanya, yafaa apate sindano yake katika saa 72. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI yapasa aanzishwe dawa yake ya kinga mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Habari za mama ziko wodi moja, mtoto yuko nyingine, na katikati kuna ukumbi mrefu ambao hakuna aliyepangiwa kuuvuka.

HESABU ZA SERIKALI YENYEWE

Msidhani haya ni malalamiko ya memba wachache. Tazameni hesabu za Serikali. Malipo ya kujifungua katika hospitali za umma yalifutwa mwezi wa Juni 2013, na wananchi wakaja, kama walivyoambiwa. Mwaka wa 2014 watoto 61 katika kila 100 walizaliwa hospitalini au katika zahanati. Mwaka wa 2022 walifika 82. Hayo ni maendeleo, na ni jasho letu sisi. Lakini watoto wachanga waliokufa kabla ya kumaliza siku 28 walikuwa 22 kwa kila 1,000 katika uchunguzi wa 2014, na 21 katika ule wa 2022. Vifo vya wazazi vilihesabiwa kuwa 362 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika uchunguzi wa 2014. Hesabu ya watu ya 2019 ikapata 355.

Maana yake nini? Wazazi wameletwa mlangoni kwetu kwa maelfu, lakini mauti hayakurudi nyuma kwa kipimo hicho hicho. Basi tusiendelee kumlaumu mama wa kijijini ya kwamba hakuja. Amekuja. Swali ni jambo gani linalompata akiisha kufika.

Taarifa ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya wazazi katika Kenya ilitazama vifo 484 vya mwaka wa 2014. Iliona ya kwamba zaidi ya wazazi 9 katika kila 10 hawakupata utunzaji uliotimia, na sababu iliyoongoza ni kutokwa damu. Hatusemi ya kwamba vifo hivyo vyote vilitokana na kutoelezana. Damu ya kuongeza haipatikani, dawa hukosekana, ambulensi hukosa mafuta. Lakini hata damu iliyo tayari katika friji haimsaidii mama ikiwa anayeijua hajui kwamba kuna mama anayeihitaji.

JAMBO LILILOKWISHA KUTHIBITISHWA

Wako watakaosema: "Hayo ni maneno ya chama tu." Basi wasikie habari hii. Mwezi wa Mei 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao E-MOTIVE. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wazazi waliotazamwa walikuwa zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizofuata mpango mpya, kila mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu. Mkunga akiona damu imefika kipimo, hakungoja ruhusa ya mtu. Alisugua tumbo ili kizazi kikaze, akatoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, akaweka maji ya mshipa, akachunguza damu yatoka wapi, na akaita msaada. Yote hayo kwa mara moja, si moja baada ya jingine.

Matokeo ni haya. Katika hospitali zilizofuata desturi ya zamani, ya kukadiria damu kwa macho, katika kila wazazi 100 waliotokwa damu kupita kiasi waligunduliwa 51 tu. Katika hospitali zilizofuata mpango mpya waligunduliwa 93. Waliopata matibabu yote pamoja walikuwa 19 katika 100 kwa desturi ya zamani, na 91 kwa mpango mpya. Na waliofikia hali mbaya kabisa, yaani kutokwa lita nzima au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walishuka kutoka 4.3 mpaka 1.6 katika kila 100.

Ndugu, hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, ule mfuko ulifanya damu iwe namba. "Anatoka damu kidogo" ni maneno ambayo kila mtu huyasikia kwa sikio lake. "Mililita 400" ni moja kwa mkunga, kwa daktari na kwa mfagiaji. La pili, aliyeona damu kwanza alipewa mamlaka ya kutenda na ya kuita. Hakuambiwa angoje mkubwa amalize chakula.

Tena ile dawa ya traneksamiki yapasa itolewe katika saa 3 tangu mama ajifungue. Zikipita, haitakiwi tena. Basi zamu inayopokea mama bila kuambiwa saa aliyojifungua haiwezi kujua kama dawa inafaa au haifai. Twaomba mabwana wa afisini waseme ni semina gani ya upole itakayolijibu jambo hilo.

WASEMAYO WAPINZANI, NA MAJIBU YETU

Kwanza wasema: "Hakuna pesa." Tupige hesabu. Wodi ina wauguzi wawili kwa kila zamu, na zamu ni tatu. Wanaotoka wakikaa nusu saa zaidi pamoja na wanaoingia, hiyo ni saa 3 za kazi kwa siku nzima. Haifiki hata nusu ya zamu moja ya mtu mmoja. Kwa saa hizo 3, kila mzazi katika wodi hiyo hupokezwa mara tatu kitandani pake. Na siku hizi nusu saa hiyo hutoka wapi? Hutoka mfukoni mwetu. Mfanyikazi mwenye moyo hukaa bila malipo, akafika kwake giza limeingia. Mwenye mtoto mchanga nyumbani hawezi, naye huitwa mzembe. Mwajiri amejengea usalama wa wazazi juu ya sadaka ya wafanyikazi, kisha sadaka ikipungua hutafuta mtu wa kumfukuza.

Pili wasema: "Tutaleta fomu mpya." Fomu tunazo za kutosha kufunika kuta. Katika jimbo la Uttar Pradesh, huko India, ulifanywa uchunguzi katika vituo 120, na wazazi walikuwa zaidi ya 150,000. Wafanyikazi walipewa orodha ya mambo ya kufanya wakati wa kuzalisha, na walimu wa kuwakumbusha. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017. Kazi iliendeshwa vizuri zaidi kuliko kwanza, lakini vifo vya wazazi na watoto havikupungua. Karatasi haimwinui mtu. Karatasi ni njema ikiwa nyuma yake kuna watu wa kutosha, dawa, na mkubwa anayesikia. Bila hayo ni wino tu.

Hatusemi ya kwamba kupokezana kwa utaratibu hakufai. Kinyume chake! Hospitali 9 za Marekani na Kanada zilijaribu, katika wodi za watoto, utaratibu mmoja wa madaktari kupokezana wagonjwa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2014: makosa yalipungua kwa 23 katika 100, na madhara yaliyoweza kuzuiwa yakapungua kwa 30 katika 100. Lakini angalieni walivyofanya. Walifundishwa wote, wakubwa walisimama wakitazama kupokezana kwenyewe na kuwaambia wanafunzi wao kosa liko wapi, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa kazi.

Tatu, na hili lasemwa na memba wetu wenyewe: "Nikiandika kila kitu, karatasi hiyo ndiyo itakayonifunga." Twaelewa hofu hiyo. Mama akifa, wa kwanza kuandikiwa barua ni nesi, na wa mwisho kuulizwa ni yule aliyempa nesi mmoja wodi nzima. Wenzetu walioajiriwa kwa mikataba mwaka wa 2020 waliijua hofu hii zaidi ya wote. Mtu ambaye kazi yake yaisha kwa tarehe husema kidogo na huandika kidogo zaidi. Lakini, ndugu, mficha maradhi kilio humfichua. Kilichoandikwa kwa saa na kwa namba chamlinda mfanyikazi. "Nilimwita daktari saa 8 na dakika 10, nikamwita tena saa 8 na dakika 25": hiyo ni ngao. Faili tupu ndiyo inayomfunga mtu.

Na Serikali yenyewe imekwisha kuweka utaratibu wa kuchunguza vifo vya wazazi: kifo kitangazwe katika saa 24, kichunguzwe katika siku 7, na uchunguzi usiwe wa kutafuta mtu wa kulaumiwa. Twataka utaratibu huo ufuatwe kama ulivyoandikwa. Mahali ambapo kikao hicho kimegeuzwa kuwa baraza la hukumu, watu hunyamaza, na kosa lile lile hurudi mwezi ujao kumchukua mama mwingine.

NASI TUJITAZAME

Itakuwa haki tuwaseme wakubwa, halafu tujifiche sisi? Hapana. Iko dharau baina yetu. Daktari kijana humkata maneno mkunga aliyezalisha tangu yeye hajazaliwa. Mkunga naye humkata maneno mama mfagiaji. Na ni nani anayeyaona mashuka kwanza? Ni mfagiaji. Yeye ndiye ajuaye ya kwamba kitanda cha 6 kimebadilishwa mara tatu tangu alfajiri. Akisema, aambiwa, "Mama, shika ufagio wako." Na mzazi mwenyewe akisema, "Sista, naona giza, moyo waenda mbio," aambiwa asijidekeze, wenziwe wanazaa kila siku. Aliye karibu kabisa na hatari ndiye anayesikizwa mwisho.

Tena tukumbuke mwaka wa 2017. Madaktari walimaliza mgomo wao wa siku 100 mwezi wa Machi. Wauguzi wakaanza wao mwezi wa Juni, wakarudi kazini Novemba. Madai yalikuwa ya haki, lakini kila kada ilitoka peke yake na kurudi peke yake. Waliotazama toka nje walijua wazi ya kwamba sisi si kundi moja. Waajiri wetu walifurahi, na wananchi waliumia. Watu wasiosema pamoja mbele ya mwajiri watasemaje pamoja mbele ya kitanda? Na wenye kusema pamoja kitandani, nani atawatenganisha mezani?

Kwenye reli ya njia moja, dereva wa gari la moshi hapiti stesheni mpaka apewe kibali mkononi mwake. Haoni haya kukingoja, wala stesheni masta haoni ni dharau kuulizwa. Wote wawili wajua ya kwamba bila kibali, magari mawili yatakutana. Kwa nini basi uhai wa mama upokezwe kwa kukonyeza macho?

TUNAYODAI

1. Nusu saa ya kupokezana iandikwe katika ratiba ya kila zamu, na ilipwe kama saa nyingine za kazi. Iwekwe katika mapatano ya chama na waajiri, isibaki ahadi ya mdomo. Ibara ya 41 ya Katiba yampa kila mfanyikazi haki ya kazi yenye masharti ya haki, na ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi. Mambo haya mawili hukutana katika nusu saa hii.

2. Kupokezana kufanywe kitandani, si mezani. Wanaotoka na wanaoingia wamtazame mama pamoja, waguse tumbo pamoja, wafunue pedi pamoja. Mama aulizwe, "Wewe mwenyewe wajionaje?" Mambo ya siri, kama vile habari za virusi, yasitajwe kwa sauti, yaonyeshwe katika faili.

3. Mifuko ya kupimia damu ipatikane kila siku, wala isiletwe tu wakati wageni wanapokuja kukagua.

4. Mtu yeyote wa wodi, awe mkunga, mwanafunzi au mfagiaji, awe na ruhusa ya kuita msaada. Asiyeitika aitiwe wa juu yake, na aliyeita asiadhibiwe hata ikionekana ya kwamba hapakuwa na hatari. Na simu iwe ya hospitali. Ni aibu mama atokwe na damu huku nesi akitafuta salio la simu yake mwenyewe.

5. Kila asubuhi, kwa dakika 10, wakutane mtu mmoja wa chumba cha kuzalia, mmoja wa upasuaji, mmoja wa wodi ya wazazi, mmoja wa chumba cha watoto wachanga, mmoja wa maabara na mmoja wa usafi. Watajiane wazazi walio hatarini, na damu iliyopo katika friji.

6. Matokeo ya uchunguzi wa kila kifo yasomwe kwa wafanyikazi wote wa wodi hiyo, wala yasifungiwe kabatini.

7. Nafasi zilizo wazi zijazwe. Mtu mmoja hawezi kuzalisha, kupima presha, kuandika na kueleza kwa wakati mmoja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

TUNAYOWEZA KUANZA JUMATATU

Madai yana safari ndefu, na wazazi hawatatungojea. Liko jambo tuwezalo kuanza Jumatatu bila ya ruhusa ya mtu. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia utaratibu wa maneno manne, ulioanzia kwa mabaharia wa manowari za Marekani. Sisi tuyaseme kwa Kiswahili chetu, na yote yaanze na herufi moja ili yashikike: HALI, HISTORIA, HUKUMU, HAJA.

Hali ni jambo linalotokea sasa. Historia ni yaliyotangulia. Hukumu ni vile unavyoona wewe uliye hapo. Haja ni kile unachotaka kifanywe. Kwa mfano:

"Daktari, huyu ni mkunga wa wodi ya wazazi. Hali: mama wa kitanda cha 9 ametokwa mililita 600, na moyo wapiga mara 124 kwa dakika. Historia: amejifungua saa 8 kamili, mtoto wa tano, kondo lilitoka lote. Hukumu: naona kizazi hakijakaza, tumekisugua, tumetoa oksitosini na traneksamiki, maji yanaingia. Haja: nataka uje sasa hivi, na damu iletwe."

Haizidi nusu dakika. Hakuna kuomba radhi, hakuna "samahani kukusumbua daktari". Na lile neno la tatu, hukumu, msiliache. Ndilo tuliloogopa kulisema miaka yote, tukidhani kuamua ni kazi ya wakubwa. Mkunga aliyesimama kitandani ana hukumu, na yapasa aitamke.

Makatibu wa matawi wabandike maneno haya manne ukutani karibu na simu. Kila tawi liandike kwa mwezi mmoja mambo matatu tu: zamu ngapi zilipokezwa kitandani, dakika ngapi zilitumika bila malipo, na mara ngapi msaada uliitwa ukachelewa. Majina ya wazazi yasiandikwe, wala majina ya wenzetu. Hesabu hizo zipelekwe kwa halmashauri ya chama kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri. Wakituambia tena ya kwamba tatizo ni ulimi wetu, tutaweka hesabu mezani, tuwaulize wao wamelipa dakika ngapi.

Wasiotaka kulipa nusu saa wasituletee tena semina ya siku mbili. Nasi wenye kudai nusu saa tusiitumie kupiga soga. Tukiipata, iwe ya mama.

Umoja ni nguvu.

Memba mwenzenu,
MKUNGA WA ZAMU YA USIKU